Apimwe Nani, Mtu au Gunia?

Karatasi ya maabara yenye kichwa "vipimo vya utendaji kazi wa ini" huahidi zaidi ya inachotoa. Vimeng'enya viwili vinavyotajwa sana humo, ALT na AST, havisemi ini linafanya kazi kiasi gani. Vinasema seli zake zinaumia kiasi gani, kwa kuwa seli ikiumia huvuja, na kimeng'enya kilichokuwa ndani yake huingia kwenye damu. Kazi yenyewe ya ini husomwa kwingine: kwenye albumini, ambayo ni protini inayotengenezwa na ini, na kwenye muda ambao damu huchukua kuganda. Mtu anaweza kuwa na ini lililojaa makovu, na bado ALT yake ikasomeka ya kawaida.

Swali langu ni la maadili, lakini huwezi kujadili maadili ya kipimo kabla ya kujua kipimo hicho kinajibu swali gani.

Tangu Dodoma ianze kujaa watumishi na wanafunzi, matangazo ya "vipimo vya mwili mzima" yameongezeka: tumbo, ini, homoni, vyote kwa siku moja. Wengine hukushikisha chuma, na baada ya dakika chache kompyuta hutoa kurasa za majibu. Hao sina mengi ya kusema juu yao, maana homoni haisomwi kwa kushika chuma. Wanaochukua damu na choo na kuvipeleka kwenye maabara ya kweli ndio wanaostahili mjadala, kwa kuwa namba zao ni za kweli.

Namba ya kweli nayo ina mipaka yake. Kiwango kinachoitwa "cha kawaida" kwa kawaida huwekwa ili kiwakusanye watu 95 kati ya 100 walio wazima. Maana yake, mzima mmoja kati ya 20 huangukia nje ya mstari bila kuwa na ugonjwa wowote. Ukimpima mzima huyo vitu 20 visivyotegemeana, uwezekano wa kupata angalau jibu moja lenye alama nyekundu ni karibu asilimia 64. Kotisoli, homoni inayotajwa sana siku hizi watu wanapozungumzia msongo wa mawazo, huwa juu asubuhi na kushuka usiku. Jibu lake bila saa ya kuchukulia damu halina maana kubwa.

Sina ugomvi na anayepimwa kwa sababu macho yamekuwa ya manjano, au tumbo linamsumbua, au daktari ana shaka na tezi yake ya shingoni. Huyo ana swali, na kipimo ni njia ya kulijibu. Ninachokihoji ni wazo linalouzwa pamoja na kipimo: kwamba afya ni mali ya mtu mmoja, hukaguliwa ndani ya mwili wake, na anayeijali ni yule aliyeweza kulipia ukaguzi. Kanda hii ya Kati ina historia inayolipinga wazo hilo.

Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu walianza kuugua ugonjwa ambao mwanzoni haukujulikana. Macho ya manjano, kutapika, tumbo kuvimba. Hadi mlipuko ule unakwisha, wagonjwa 68 walikuwa wamehesabiwa, na 20 kati yao walifariki. Vipimo vya ini viliweza kusema jambo moja tu, kwamba ini limeumia. Jibu lilikuwa nje ya mwili, kwenye mahindi ambayo familia hizo zilikuwa zimeyalima na kuyahifadhi zenyewe. Yalikuwa na sumukuvu. Kenya iliyapitia hayo kwa ukubwa zaidi mwaka 2004, huko Ukambani: wagonjwa 317, vifo 125.

Sumukuvu ni sumu inayotolewa na kuvu. Mmea ukiteswa na ukame shambani, au nafaka ikihifadhiwa kabla ya kukauka vizuri, kuvu hupata nafasi. Sumu haina ladha wala harufu, na moto wa jikoni hauiondoi. Kiasi kikubwa huua kwa siku chache, kama mwaka ule. Kiasi kidogo kinacholiwa miaka mingi huleta saratani ya ini, hasa kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini B. Ipo njia ya kuitafuta ndani ya damu, ikiwa imejishika kwenye albumini, lakini hufanywa zaidi kwenye maabara za utafiti kuliko hospitali za kawaida. Tena inachokueleza ni ulichokula katika wiki na miezi michache iliyopita. Hata pale, anayepimwa ni chungu chako.

Mwaka jana nilikaa wiki moja kwa shangazi yangu, wilayani Kongwa, wakati wa kubangua karanga. Jioni moja nilimkuta uani, ungo mapajani. Upande mmoja debe la karanga nono. Upande wa pili beseni la zilizosinyaa, zilizovunjika, na nyingine zenye doa la kijani.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Vuta kigoda."

Nilimuuliza za kwenye beseni zinakwenda wapi.

"Hizo za nyumbani. Mnunuzi hazitaki. Nitazitwanga za kuungia mlenda, nyingine za uji wa mjukuu."

Nilimweleza kuhusu sumukuvu. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono ikiendelea kuchambua. Yote alikuwa ameshayasikia kwa bwana shamba.

"Nikizimwaga hizi, mlenda nitaungia nini? Nikila zile nzuri, sare na madaftari atanunua nani?"

Sikuwa na jibu la kumpa pale, na nimelifikiria swali lake kuliko nilivyofikiria vitabu vingi vya shahada hii ya uzamili ninayoisoma. Shangazi hakupungukiwa elimu. Hata kipimo alikuwa nacho: kuchambua karanga kwa mkono ni njia nzuri ya kupunguza sumukuvu, kwa sababu sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye punje chache zilizoharibika. Lakini kinachopunguzwa kwenye debe huongezeka kwenye beseni. Kadiri anavyochambua vizuri ndivyo anavyomlinda mlaji wa mjini, na ndivyo anavyoikusanya sumu kwenye uji wa mtoto aliye nyumbani kwake.

Mpakani hali ni hiyohiyo kwa ukubwa mwingine. Mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha baada ya siku chache ikaruhusu yaingie kwa masharti, likiwemo la cheti kinachoonyesha kwamba sumu haizidi mikrogramu 10 kwa kilo, ambacho ndicho kiwango cha Afrika Mashariki. Kiwango hicho ni kizuri. Ila nilisubiri kusikia mtu akiuliza katika mjadala ule: gunia lililoshindwa mpakani linalala wapi usiku huo, na nani atalila?

Kipimo ni chujio, na kila chujio lina upande wa pili. Tukijua kwamba kinachokataliwa na mwenye uwezo wa kupima kitaliwa na asiye na uwezo huo, basi kupima peke yake hakujapunguza sumu. Kumeihamisha. Na mtu anayehamisha sumu akijua inakokwenda hawezi kujitetea kwamba yeye alikuwa anajali afya yake tu.

Mtu atasema: je, aliyenunua debe safi ana kosa gani? Hana kosa kwa kula chakula salama. Ni haki yake. Anachodaiwa ni kutoiona haki hiyo kuwa ya anayelipa tu. Mwingine atasema njaa ya Februari ni ya hakika, na saratani ya miaka 30 ijayo ni ya kubahatisha, kwa hiyo shangazi anachagua kwa akili. Nakubali, anachagua kwa akili. Ndiyo maana sioni haki ya kumwongezea mahubiri. Mtu aliyewekwa kati ya mabaya mawili hahitaji kuelezwa kwa mara ya tatu ubaya wa moja. Anahitaji la tatu la kuchagua.

Na la tatu lipo. Turubai la kuanikia ili nafaka isikae kwenye udongo. Mifuko isiyopitisha hewa. Uwele na mtama, vyakula vya zamani vya Ugogo, ambavyo huvumilia ukame kuliko mahindi. Mashine ya kukoboa, kwa kuwa sehemu kubwa ya sumu ya mahindi hutoka na pumba, mradi pumba hizo nazo zisiishie kwa ng'ombe wa maziwa. Zaidi ya yote, kubadilishiwa: gunia likishindwa, mwenye nalo apewe jingine. Chanjo ya homa ya ini B hutolewa kwa watoto wachanga wote bila kila mmoja kupimwa kwanza. Pale tulikubali kwamba ini la mtoto ni jukumu la wengi. Uji wake tumemwachia bibi yake na ungo.

Wenzangu chuoni huniuliza kama wajiandikishe kupima mwili mzima. Huwauliza wana dalili gani. Wakiwa nazo, nawaambia waende hospitali bila kuchelewa. Wakiwa hawana, nawaambia fedha hiyo inaweza kununua turubai na mifuko kadhaa ya kuhifadhia nafaka, na kila mmoja wao anaye mtu kijijini anayeanika mahindi chini. Wachache hucheka. Mmoja alinunua turubai, akalipeleka Mpwapwa kwa mama yake kabla ya mavuno.