Alama ya Hija

Safari njema huacha alama mbili: moja juu ya mwili na nyingine ndani ya moyo. Ya mwilini huonekana kwa macho. Ya moyoni huonekana kwa matendo. Ipi kati ya hizo humfanya mtu kuwa hujaji?

Ulaya ya zamani ilijaa alama za mwilini. Askofu Mkuu Thomas Becket aliuawa kanisani Canterbury, Uingereza, mwaka 1170. Baada ya hapo mahujaji walirudi makwao na sanamu ndogo za kichwa chake, zilizotengenezwa kwa risasi na bati, na vichupa vya maji yaliyosadikiwa kuchanganywa na damu yake. Waliotoka Santiago, Hispania, walivaa gamba la kombe wa baharini. Vitu hivyo vilikuwa rahisi, hata maskini alivimudu. Mfalme Louis wa 11 wa Ufaransa alivaa sanamu za risasi katika kofia yake. Lakini sifa yake kubwa ilikuwa hila. Alama ilikaa kichwani, isishuke moyoni.

Swali hilo halikubaki Ulaya. Kila mwaka Watanzania wengi huenda Namugongo, Uganda, kwa sikukuu ya tarehe 3 Juni, kuwakumbuka mashahidi waliochomwa moto huko mwaka 1886. Chukua mfano wa mama wa Singida aliyerudi kutoka huko, mwendo wa zaidi ya kilomita 500, na medali shingoni. Jirani yake, mgonjwa asiyeweza kuondoka kitandani, aomba aivae. Akimpa, je, hakumvika mtu heshima ya safari asiyokwenda? Akimnyima, je, alifuata nini Namugongo?

Mpenda haki atasema kuwa alama ni ushahidi, na ushahidi hauazimwi. Neno hilo ni kweli kwa mwenye afya anunuaye medali ili asifiwe. Lakini mgonjwa haombi sifa; aomba kushirikishwa. Hata vichupa vya Canterbury vilibebwa mbali ili waliobaki nyumbani, wagonjwa na wazee, wapate fungu lao.

Mama akiivua medali, hapungukiwi na safari yake. Hatua alizopiga ni zake, na sala alizosali ni zake. Shingo iliyobaki tupu kwa huruma ni ushahidi bora wa hija kuliko shingo iliyojaa medali.