Mkono Dhaifu na Haki ya Kujilinda

Katika nchi ya Marekani, ambako haki ya raia kumiliki silaha imo katika Katiba tangu mwaka 1791, na ambako Mahakama ya Juu mnamo 2008 ilihukumu kwamba haki hiyo ni ya kila mtu binafsi kwa ajili ya kuilinda nafsi yake nyumbani, huzuka kila siku suala ambalo wauza silaha hulichukua kuwa la ufundi tu, nami naliona kuwa la dini na falsafa: mtu mzima ambaye vidole vyake vimekazwa na baridi yabisi, anayeishi peke yake na kuhofia usiku, achague bastola gani?

Ufundi wenyewe haudharauliki. Bastola ya magazini humtaka mwenyewe aikoki kwa kuvuta nyuma chuma kilicho juu ya mtutu, akishindana na springi, ndipo risasi ya kwanza iingie mahali pake. Na ajabu ni kwamba mara nyingi iliyo ndogo ndiyo ngumu zaidi, kwa kuwa katika bastola nyingi ndogo mtutu haufungwi kwa kufuli lolote, hata ikawa springi na uzito wa chuma kile ndivyo pekee vinavyozuia nguvu ya baruti. Rivolva haina taabu hiyo, lakini kifyatulio chake, nyundo isipotangulia kurudishwa nyuma kwa dole gumba, huhitaji mvuto wa ratili 10 hadi 12 hivi, ambao kwa kidole kilichovimba kiungo ni adhabu. Ipo bastola ndogo ya Beretta ambayo mtutu wake huinuka kwa kusukuma kitasa, risasi ikatiwa kwa mkono pasipo kukoki; na tangu 2018 kampuni ya Smith & Wesson imeuza Shield EZ, iliyolegezwa makusudi kwa ajili ya mikono ya namna hii. Bastola nyepesi humpiga mpigaji kwa mshindo wake, na nzito humchosha kuishika. Hapo kila mtu hujipima mwenyewe.

Lakini ugumu ule, ambao mnunuzi anataka uondolewe, umekuwa siku zote mlinzi asiyelala. Smith & Wesson hao hao walitoa mwaka 1887 rivolva yenye ubapa nyuma ya mpini, ambayo haifyatuki ila kiganja kiubane ubapa huo wakati ule ule kidole kinapovuta, ili mkono mdogo wa mtoto usiweze kuyafanya mawili kwa pamoja. Kinachomzuia mtoto, basi, ni kukosa kile kile anachokosa bibi kizee, yaani nguvu. Wala fundi hajapata kuunda chuma kinachotambua umri wala dhamira ya anayekishika. Tena katika nchi ile zaidi ya nusu ya wanaokufa kwa bunduki ni watu waliojiua wenyewe, na mzee mpweke mwenye maradhi hayuko mbali na hatari hiyo. Wanaomshauri juu ya springi laini mara chache humwuliza juu ya huzuni yake, nami naona kwamba suala hilo lingestahili kutangulia.

Kwa upande wa dini, mafakihi wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya pwani yetu, wameliweka jambo la kumzuia mshambulizi katika daraja. Imamu Nawawi katika Minhaji, kitabu kilichosomeshwa katika darsa za Lamu na Unguja vizazi kwa vizazi, anaagiza kuanza na lililo jepesi: anayeweza kumzuia adui kwa maneno au kwa kuomba msaada haruhusiwi kumpiga, anayeweza kwa mkono haruhusiwi fimbo, na kadhalika mpaka kwenye kuua, na anayeweza kukimbia, akimbie. Kanuni hii ni ya uadilifu mkubwa, ila imekadiriwa kwa mwili wenye miguu ya kukimbilia na mikono ya kusukumia. Kwa mtu tunayemzungumzia daraja za kati zimevunjika: baina ya ukelele wake na risasi hamna kofi, hamna fimbo, hamna mbio. Je, aambiwe kwamba kwa kuwa hawezi lililo jepesi, amehalalishiwa lililo zito mara moja?

Jawabu langu ni ndiyo, ikiwa nafsi yake imo hatarini kwa yakini, lakini kwa sharti ambalo mwenye nguvu hana haja nalo sana: daraja asizoweza kuzipanda saa ya hatari azipande mapema, mchana, katika komeo za mlango, taa za uani, simu iliyo karibu na kitanda na jirani aliyekwisha kuagizwa, ili bastola, ikinunuliwa, iwe ya mwisho kwa kweli. Na katika kuchagua, ningependa ugumu usiondolewe wote, bali uhamishwe utoke kidoleni uende kiganjani. Shield EZ zina ubapa ule wa nyuma ya mpini, na kubana kwa kiganja kizima, kwa aliye na kiganja kinachobana, ni kazi isiyofanyika kwa kughafilika.

Watakuwako watakaosema kwamba lililo bora kwa mchamungu ni kujiepusha kabisa, wakimtaja Habili, ambaye Qurani katika Sura ya Almaida inamweleza kuwa alikataa kunyosha mkono kumwua nduguye, na wakimtaja Khalifa Uthmani, aliyeuawa mwaka 656 akiwa mzee sana, baada ya kuwakataza waliotaka kumpigania wasimwage damu kwa ajili yake. Hoja hii naiheshimu, na mafakihi wengi waliruhusu mtu kujisalimisha kwa Mwislamu mwenziwe. Ila Uthmani alikuwa na watu wenye panga tayari, akawazuia. Kuacha kwake kulikuwa ni hiari. Mwenye mkono usioweza kufunga ngumi hajaacha kitu, bali amenyimwa, na subira yake usiku ule haitofautiki na kushindwa. Bastola aiwezayo, hata kama ataiweka kabatini na kuazimia asiipige, humpa kwanza jambo la kuacha.