MUNGU WAKO ANA SURA GANI?

Ndugu kijana, unasema kanisani huendi ng'o, eti Mungu wa wahubiri ni mzee mkali mwenye fimbo. Wewe ukivuka na kivuko kutoka Kamanga kwenda Mwanza mjini, unatazama maji na kusema: Mungu wangu yuko kama ziwa hili, mkubwa, mtulivu, habagui mtu.

Sawa, hatukukemei! Biblia yenyewe inamfananisha na mwamba (Zaburi 18:2) na mama anayemfariji mwanawe (Isaya 66:13). Yesu alijifananisha hata na kuku mwenye vifaranga (Mathayo 23:37). Wazee wa Kisukuma nao walimwita Liwelelo.

Lakini jiulize: huyo Mungu wako amewahi kukukatalia jambo lolote? Ziwa halikuulizi jana ulilala wapi. Tarehe 21 Mei 1996 lilimeza mamia ya watu wa MV Bukoba, na kesho yake lilikuwa tulivu vilevile. Yesu alilia akienda kaburini kwa rafiki yake (Yohana 11:35). Mungu anayekubaliana nawe kwa kila kitu ni wewe mwenyewe, unajitazama majini.

Leo usiku mwite, kwa sura hiyohiyo unayoiwaza. Mwambie, "Kama u hai, nipinge." Halafu nyamaza, usikilize.