Kinyaa Changu na Amri ya Mungu



Kijana mmoja mwenyeji wa Mgeta, katika milima ya Uluguru, aliyeingia katika Uislamu miaka michache iliyopita, amepata kazi ya kuhudumu mezani katika meli kubwa ya watalii, mojawapo ya zile zinazopita katika bahari yetu na kutia nanga Mombasa na Unguja. Aliniletea barua yenye swali. Swali lenyewe laonekana dogo, na huenda wengine wakalicheka. Lakini nilipolitafakari niliona kwamba ndani yake mna jambo linalotuhusu sote, hasa wale walioijia dini wakiwa watu wazima. Kwa idhini yake nalieleza hapa bila ya kutaja jina lake.

Usiku mmoja, wageni walipokwisha kula na kuondoka, ilibaki sinia ya chaza wabichi. Chaza hao hufika jikoni wakiwa hai ndani ya maganda yao. Hufunguliwa kwa kisu, hupangwa juu ya barafu, hukamuliwa limau, na mlaji huimimina nyama yote kinywani bila ya kuipitisha motoni. Wafanyakazi wakaketi kula masalio hayo. Mmoja wao, Mwislamu kutoka Indonesia, alikula chaza mmoja, kisha kwa ukarimu akamsogezea kijana wetu mwingine. Kijana akaona nyama ile ikijikunyata limau lilipoigusa, na moyo wake ukachafuka. Badala ya kusema kwamba hawezi, alisema kwa sauti mbele ya wote, "Dini yangu yanikataza." Papo hapo wenzao wasiokuwa Waislamu wakamgeukia yule Mwindonesia wakamwuliza, "Na wewe je? Si dini yako pia?" Yule bwana akaliweka ganda mezani, akanyamaza. Tangu usiku huo haketi tena na kijana wetu.

"Sheikh," ameniuliza, "je, chaza ni haramu? Na kama si haramu, nimekosa nini, maana sikula?"

Tuanze na swali lake la kwanza. Katika Torati, kitabu cha Walawi sura ya 11, Wana wa Israeli walikatazwa viumbe vyote vya majini visivyo na mapezi na magamba. Kwa sheria hiyo chaza hakuruhusiwa kwao. Kurani Tukufu, katika Sura Al-Maida, imetoa ruhusa pana juu ya vinavyopatikana baharini. Wanazuoni wa Kiislamu wameifahamu ruhusa hiyo kwa namna mbalimbali. Wafuasi wa Imam Abu Hanifa, ambao ni wengi katika Bara Hindi, huihusisha na samaki tu, na hivyo hawali chaza. Wafuasi wa Imam Shafi, ambao ni wengi katika pwani yetu na vile vile Indonesia, huona ruhusa hiyo yaenea kwa viumbe vya baharini kwa jumla. Ndiyo sababu kina mama wa pwani yetu, maji yanapokupwa, hukusanya chaza miambani na penye mizizi ya mikoko, wakawachemsha, na hakuna anayewaita waasi. Basi yule Mwindonesia hakuwa amevunja sheria aliyofundishwa. Alikula alichokijua kuwa ni halali kwake.

Sasa tuje kwenye swali la pili, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kijana wetu hakukosa kwa kutokula. Alikosa kwa kumsingizia Mwenyezi Mungu sababu ambayo haikuwa ya Mungu. Aliyekataa ni koo lake, lakini aliyetajwa ni Muumba wake.

Tazameni jinsi Mtume Mtukufu s.a.w. alivyolitenda jambo kama hili. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba siku moja aliandaliwa mjusi wa jangwani aliyeokwa. Alipoambiwa ni nyama gani, aliurudisha mkono wake. Hadhrat Khalid bin Walid r.a. akamwuliza kama ni haramu. Mtume s.a.w. akamfahamisha kwamba si haramu, ila mnyama huyo hakuwapo katika nchi ya watu wake, na nafsi yake haimpendi. Khalid akamvuta mjusi yule kwake akamla, na Mtume s.a.w. akimwangalia. Fikirini, ndugu zangu: yeye aliyekuwa na haki kuliko watu wote ya kutuambia lipi halali na lipi haramu hakukubali kuigeuza hisia ya ulimi wake kuwa sheria ya umma. Kwa kusema kweli tu, alimwachia sahaba wake sahani yake na heshima yake. Kijana wetu, kwa neno moja lisilo la kweli, alimnyang'anya mwenziwe vyote viwili.

Yafaa pia tuangalie upande wa pili wa jambo hili. Huko kwao Mgeta nguruwe hufugwa, na kijana huyu amekiri katika barua yake kwamba zamani aliipenda sana nyama hiyo. Aliposilimu aliiacha, na jamaa zake wakamcheka sikukuu baada ya sikukuu, naye akastahimili. Huko ndiko kuacha kwa ajili ya Mungu: kuacha unachokipenda kwa sababu umeambiwa uache. Chaza hakumpenda tangu mwanzo, na kumwacha hakukumgharimu kitu. Kumwandika chaza katika daftari lile lile alimomwandika nguruwe ni kujidai malipo ya kazi usiyoifanya. Na hatari yake ni kubwa kuliko tunavyodhani, kwani mtu akizoea kuyaita machukio yake dini, hatimaye hatajua tena ni lini anamtii Mungu na ni lini anajitii mwenyewe.

Nasema haya nikiwa mmoja wa waliokosa. Zaidi ya miaka ishirini iliyopita nilikuwa mwanafunzi katika chuo cha dini ng'ambo, nasi tuliotoka nchi nyingi tulikuwa tukisimuliana vyakula vya kwetu kila tulipotamani nyumbani. Mwenzetu kutoka Afrika ya Magharibi akasimulia mchuzi wa konokono wakubwa wa msituni. Nami nikaruka mara moja: "Astaghfirullah! Hiyo ni haramu." Mwalimu wetu alikuwa akipita. Hakunikemea. Aliniuliza tu, "Umeipata wapi?" Nikatafuta aya, sikuipata. Nikatafuta hadithi, sikuipata. Mwenzangu akaeleza kwa upole kwamba wanazuoni wa Imam Malik, ambao madhehebu yao yameenea kwao, huruhusu konokono. Labda wengine hawakubaliani nao, lakini wanaokataa hukataa kwa dalili, na mimi sikuwa na dalili yoyote ila tumbo langu. Tangu siku ile swali la mwalimu hunirudia kila ninapotaka kutamka neno haramu: Umeipata wapi? Na Kurani Tukufu, katika Sura An-Nahl, imewaonya vikali wale ambao ndimi zao huamua ovyo tu kwamba hiki ni halali na hiki ni haramu, kwani huko ni kumzulia Mungu uwongo.

Kinyaa chenyewe, kwa hakika, hutokana zaidi na mazoea kuliko na maumbile ya kitu. Mvua za kwanza zinaponyesha hapa kwetu Morogoro, kumbikumbi hutoka ardhini kwa maelfu, na watoto huwakamata penye taa kwa furaha, wakakaangwa wakaliwa. Mgeni asiyewazoea huwatazama kwa namna ile ile kijana wetu alivyomtazama chaza. Na chaza mwenyewe, ambaye leo huwekwa mbele ya matajiri juu ya barafu, katika karne ya 19 alikuwa chakula cha maskini katika mitaa ya London. Kiumbe hakubadilika. Kilichobadilika ni macho ya watu. Je, sheria ya Mwenyezi Mungu ingejengwa juu ya kitu kinachobadilika hivyo?

Lakini hapa nataka kumzuia msomaji asikimbilie upande wa pili. Huenda mwingine akasema, "Ikiwa ni halali, basi nitakula wala nisiulize." Huyu naye huivika tamaa yake vazi la dini, kama vile yule alivyokivika kinyaa chake. Ruhusa si amri. Kurani Tukufu imeunganisha mambo mawili katika chakula: kiwe halali, na kiwe kizuri, yaani safi na chenye kufaa. Mwili ni amana, na chaza mbichi si chakula kisicho na hatari. Chaza huishi kwa kuchuja maji. Yule mkubwa, katika hali nzuri, aweza kuchuja hadi lita 200 kwa siku, na vijidudu vilivyomo majini hubaki mwilini mwake. Mwaka 1988, katika mji wa Shanghai nchini China, watu wapatao 300,000 walishikwa na ugonjwa wa ini uitwao hepataitisi A kwa sababu ya kula kombe wasioiva waliotoka katika maji machafu. Na katika bahari zenye joto mna bakteria aitwaye Vibrio vulnificus, ambaye huua mtu mmoja katika kila watano anaowaingia, hasa wenye maradhi ya ini. Kwa mtu wa namna hiyo daktari akikataza, kutii ni sehemu ya dini. Wala tusidhani kwamba tamaa au kinyaa hujua sumu ilipo. Mwezi Machi 2024, katika kisiwa cha Panza, Pemba, watu tisa, wanane kati yao watoto, walifariki baada ya kula nyama ya kasa, chakula ambacho walaji wake hukipenda. Kasa hupendwa na aweza kuua; kumbikumbi huwachukiza wageni, naye hushibisha. Elimu ndiyo ipambanuayo.

Kijana wetu ameniuliza pia juu ya kule kujikunyata kwa chaza. Ndiyo, alikuwa hai. Chaza aliyekufa kabla ya kufunguliwa hatari yake ni kubwa zaidi, ndiyo maana hawamngoji afe. Wanasayansi wametueleza kwamba hana ubongo kama wetu, ila mafundo ya mishipa ya fahamu, na kama anasikia maumivu au la, wao wenyewe hawajakata shauri. Sheria ya Kiislamu haidai kuchinja katika samaki, lakini Mtume s.a.w. alitufunza wema katika kila jambo, hata kukinoa kisu ili mnyama asiteseke. Basi mtu akijizuia kwa huruma, nampa heshima. Na aseme hivyo hivyo: "Namhurumia kiumbe huyu." Huruma haihitaji kuazima jina la haramu ili iwe na thamani.

Liko jambo moja zaidi ambalo kijana hakuliuliza, nami naliona kila asubuhi ninapoitazama milima ya Uluguru. Humo hutoka mito inayoingia katika Ruvu. Mto Ngerengere hupita hapa mjini, hujiunga na Ruvu, na Ruvu humwaga maji yake baharini karibu na Bagamoyo, huko huko kwenye mikoko na chaza. Mara ngapi tumewasikia watu wakisema kwamba viumbe vya baharini ni vichafu, hali taka zao wamezitupa mtoni wenyewe? Chaza hakuumbwa na uchafu. Alipokea tuliompelekea. Anayetaka kweli kujitenga na najisi na aanze na kile anachokitupa, kabla ya kile wanachokula wenzake. Lakini hilo lina gharama, na kusema "dini yangu yanikataza" mezani hakuna gharama yoyote.

Basi, ndugu msomaji, siku utakapoandaliwa chakula usichokitaka, jiulize kwanza sababu ni ipi. Ikiwa Mungu amekikataza, sema hivyo bila ya kuona haya, hata dunia nzima ikicheka. Ikiwa wanazuoni wako wamekizuia, sema, "Sisi twafuata rai hii," na umwachie mwenzio rai yake. Ikiwa ni afya, taja afya. Ikiwa ni huruma, taja huruma. Na ikiwa ni kinyaa tu, sema kwa unyenyekevu, "Samahani, ndugu yangu, sikukizoea." Katika neno hilo hakuna dhambi wala aibu; Mtume Mtukufu s.a.w. alisema lenye maana kama hiyo.

Nilimwandikia kijana wetu kwamba kutokula kwake hakudai toba, ila neno lake ladai. Na kwa kuwa lilisemwa mbele ya watu, halitoshi kufutwa faraghani. Aketi na watu wale wale, katika meza ile ile, awaambie kwamba dini haikumkataza, na kwamba mwenzao hakukosa lolote. Nilijua ni vigumu, labda vigumu kuliko kumeza chaza. Siku chache baadaye alinijibu kwa maneno machache: amesema, wamecheka kidogo, na yule Mwindonesia amemsogezea kiti.

Mwenyezi Mungu atupe macho ya kupambanua amri Zake na matakwa yetu, na atuepushe na kuwatia ndugu zetu hatiani kwa ajili ya ndimi zetu. Amin.