Mahindi Yaliyolingana

Wapitao karibu na shamba langu, nje kidogo ya Kitale, husifu jambo moja: mahindi yamelingana. Yote kimo kimoja, yote yametoa mbelewele juma moja. Nami hufurahi kama mzazi anayesifiwa watoto kwa utii. Lakini utii huo unamfaa nani?

Tusiibeze mbegu ya chotara. Imewatoa wengi njaani. Mwaka 1964 watafiti wa hapa Kitale walitoa H611, mseto wa mahindi yetu na ya Ekwado, na wakulima wakaipokea kwa mikono miwili. Ila usawa kamili una njia yake, nayo haipendezi kuitazama. Mtaalamu hufunika mbelewele na hindi kwa mifuko, mmea ukajichavusha wenyewe, kizazi baada ya kizazi, mara sita au saba. Kila kizazi hudhoofika. Mingine hufa, iliyosalia hufanana kama mapacha. Ndipo koo mbili dhaifu hukutanishwa, na watoto wakatoka wenye nguvu, wote sawa. Panda tena punje za watoto hao, usawa hutawanyika.

Hilo nilijifunza kwa aibu. Mwaka mmoja nilikosa fedha za mbegu, nikapanda punje za ghalani. Yakatoka marefu, mafupi, ya kuwahi na ya kuchelewa. Niliona haya kusimama njiani. Marehemu mama hakuona haya yoyote; alipita humo akichuma yaliyotangulia, akatuchomea, jirani zetu wa mistari iliyonyooka wakiwa bado wanangoja.

Huko Marekani sehemu kubwa ya mahindi ilitoka kwenye asili moja ya upande wa mama, iliyopatikana Texas. Ilipendwa kwa kuwa iliwaondolea wazalishaji wa mbegu kazi ya kung'oa mbelewele. Mwaka 1970 ugonjwa wa majani ulipata mlango katika asili hiyo, na kumbe ndio mlango wa kila nyumba. Takriban asilimia 15 ya mavuno ya nchi nzima ilipotea. Kwa ajili ya wepesi wa kazi!

Mimi bado nanunua chotara. Karo hulipwa nayo. Nyuma ya jiko, hata hivyo, nina kipande cha mbegu za mama, nazipanda mwezi mmoja baadaye ili chavua zisikutane. Mwaka jana mwanangu alitaka kung'oa yale mafupi, ati yanatuaibisha. Nikamwambia ayaache. Akauliza ya nini, nami nikamtuma maji.