Siri ya Mtafuta Kazi

Kuna jambo linalowasumbua watu wengi waishio kwa mshahara, nalo huonekana dogo mpaka limfike mtu mwenyewe. Mtu yu kazini, anataka kuondoka, wala hapendi mwajiri wake ajue kabla hajapata mahali pengine. Je, afanya hila? Na wale anaowaomba wamshuhudie, watamshuhudiaje pasipo kusema uongo?

Tumwaze karani wa hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi, tuseme Mwanza. Amekaa hapo miaka tisa. Watoto wamekuwa watatu, karo imepanda, mshahara umesimama pale pale. Siku moja aona tangazo la kazi. Matangazo hayo twayajua sote: barua ya maombi, nakala za vyeti, picha, na mwishoni wadhamini watatu wa kuaminika pamoja na namba zao za simu. Hapo kalamu yasita. Anayeijua kazi yake kuliko wote ni tajiri wake. Akiliandika jina lake, huenda simu ikalia dukani kabla ya saa sita mchana, na jioni karani hana kazi ya zamani wala mpya. Asipoliandika, huko aendako watauliza kwa nini amemficha.

Sisi twaona kwamba kunyamaza si kusema uongo. Mtakatifu Thomas wa Akwino alikataza uongo wa kila namna, hata ule wa kumwokoa mwenzako katika hatari. Lakini papo hapo alikubali kwamba ni halali kuificha kweli kwa busara. Mwajiri amepatana na mtu juu ya kazi yake na saa zake. Hakununua fikira zake za usiku, wala matumaini aliyo nayo kwa ajili ya watoto wake. Kwa watumishi wa Serikali mambo ni mengine kidogo, maana matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huwataka walio tayari katika utumishi wa umma wapitishe barua zao kwa waajiri wao. Kanuni hiyo yajulikana, na anayeomba hana budi kuifuata. Karani wetu wa dukani hakufungwa na kanuni ya namna hiyo.

Tena tusisahau kwamba haki ya kuondoka haikupatikana bure. Jirani zetu wa Kenya waliishi miaka mingi chini ya kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanamume Mwafrika alichukua karatasi yenye alama za vidole vyake, habari za kazi alizofanya na sahihi za waajiri wake, na wengi waliivaa shingoni ndani ya kibweta cha chuma. Asiyetiwa sahihi ya kuachwa hakuweza kwenda kwa mwajiri mwingine kwa halali. Akiondoka hivi hivi, alihesabiwa mtoro na kutafutwa. Harry Thuku na wenzake walipopaza sauti mwaka 1921, kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko yao. Basi, mwajiri wa leo anayesema, “Mtu wangu hawezi kutafuta kazi bila mimi kujua,” na atazame vizuri anakitamani kitu gani.

Lakini siri ina mipaka yake. Karani aitwa kwenye usaili siku ya Jumanne, naye amwambia tajiri kwamba shangazi yake amefariki. Twawafahamu mashangazi waliozikwa mara tatu katika mwaka mmoja, nao wangali wakilima mihogo! Angeweza kusema, “Naomba ruhusa ya siku moja, nina shughuli yangu mwenyewe,” na ikatwe katika likizo yake. Maneno hayo ni ya kweli yote. Vibaya zaidi ni yule anayeandika namba ya shemeji yake na kumwita meneja. Huyo hafichi tena jambo lake. Amemtia shemeji mdomoni uongo ambao hakuutunga.

Neno lenyewe, mdhamini, lafaa kufikiriwa. Twalitumia mahakamani na katika mikopo. Mdhamini ni mtu anayesimama mahali pa mwenziwe, na mambo yakiharibika atashikwa yeye. Kwa hiyo yapasa aombwe kwanza, aambiwe ni kazi gani, aelezwe pia kwamba jambo ni la siri, apewe nafasi ya kukataa. Akikubali, basi siri hiyo ni amana. Mzee aliyekuwa msimamizi wa karani miaka mitano iliyopita aweza kufanya kazi hiyo vema. Na katika barua yenyewe karani aandike bila kuficha: “Mwajiri wangu wa sasa ni fulani, naomba asiulizwe mpaka mtakapokuwa tayari kuniajiri.” Mwenye ofisi akiyapuuza maneno hayo, akapiga simu siku ile ile, amemtendea mtu asiye na mtetezi jambo zito kuliko anavyodhani.

Na tajiri akiulizwa, aseme nini? Hapa ndipo tunapoogopa zaidi. Wako wanaomponda mfanyakazi mwema ili asichukuliwe. Huo ni wizi, ijapokuwa hakuna fedha iliyotoka sandukuni. Wako pia wanaomsifu mtu mbaya ili aondoke upesi. Mkuu wa shule anagundua kwamba mwalimu wake amewachezea watoto; aona aibu kwa ajili ya jina la shule; amwandikia barua nzuri, na mwalimu yule ahamia wilaya nyingine, ambako wako watoto wengine. Barua ile ina sahihi na mhuri. Wazazi wa wilaya ile wameiamini. Mkuu huyo alipaswa kwenda polisi, siyo kuchukua kalamu ya sifa.

Asiyetaka kusifu wala kulaumu ana njia ya kweli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri ampe anayeondoka cheti cha utumishi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 nayo yataka cheti kama hicho kwa aliyefanya kazi wiki nne au zaidi, chenye tarehe na aina ya kazi, lakini haimlazimishi mwajiri kutoa ushuhuda wa tabia. Kusema, “Alikuwa hapa tangu mwaka fulani, alishika vitabu vya hesabu,” hakumdhulumu mtu. Ila katika mambo ya hatari, kama yale ya watoto, kunyamaza hakutoshi.

Karani wetu akiipata kazi mpya, sheria ya Tanzania yamtaka, akiwa mtu wa mshahara wa mwezi, atoe taarifa ya siku zisizopungua 28. Taarifa hiyo na aipeleke mwenyewe kwa tajiri, asubuhi, kabla wapagazi wa ghalani hawajaisikia. Pengine ataulizwa kwa uchungu, “Mbona siku zote hizi hukuniambia?” Ajibu kwa upole kwamba aliogopa. Kisha amwonyeshe atakayemrithi vitabu vilipo, na madeni ya wateja ambayo hayajalipwa.