Wito ni wa Nani?

Kila Mei 12, siku aliyozaliwa Florence Nightingale mwaka 1820, wauguzi wa Tanzania hukusanyika wakiwa na sare zilizopigwa pasi na mishumaa mkononi, wakarudia kiapo cha kazi yao. Risala husomwa. Hutaja uhaba wa watumishi wodini, malimbikizo ya stahiki, na wenzao waliokwama kwenda masomoni kwa kukosa nafasi au ada. Kisha husimama mgeni rasmi, akashukuru, akasifu, na mara nyingi akafikia sentensi ambayo ukumbi mzima ungeweza kummalizia: uuguzi si kazi kama kazi nyingine, uuguzi ni wito. Makofi. Risala imejibiwa.

Wasemao hivyo hawadanganyi. Asiyeguswa na maumivu ya mwenzake hatadumu wodini, na akidumu ataumiza watu. Wakristo na Waislamu wa ukanda huu wanakubaliana kwamba kumhudumia mgonjwa ni ibada. Linalostahili kuulizwa ni jambo jingine, nalo ni la kidini kabla ya kuwa la bajeti: Mungu akimwita mtu kuwauguza wagonjwa, deni la wito huo linamwangukia yeye peke yake, au linawashika pia wale ambao kwa ajili yao ameitwa?

Nightingale mwenyewe ni shahidi mgumu kwa wageni rasmi. Aliamini Mungu alimwita Februari 1837, akiwa na miaka 16. Familia yake ya kitajiri ilikataa katakata, kwani hospitali za wakati ule hazikuwa mahali pa binti wa watu. Alichokitaka miaka yote hiyo ni kufundishwa. Mwaka 1851 alikwenda Kaiserswerth, Ujerumani, kwenye taasisi ya mchungaji Theodor Fliedner iliyowafunza mashemasi wa kike kuuguza, akakaa huko miezi mitatu hivi. Miaka mitatu baadaye alikuwa kwenye hospitali ya askari kule Scutari, katika vita vya Crimea, na aliporudi hakurudi na hadithi za huruma tu. Alirudi na hesabu za vifo, akazichora kwa michoro iliyowaonyesha wakubwa wa serikali kwamba askari wengi zaidi waliuawa na magonjwa ya uchafu kuliko risasi. Akawa mwanamke wa kwanza kupokelewa katika chama cha wanatakwimu cha London. Mwaka 1860 shule ya wauguzi yenye jina lake ikafunguliwa katika hospitali ya St Thomas'. Kwake yeye, kuitwa na Mungu kulikuwa sababu ya kwenda shule na kuwasumbua mawaziri. Hotuba za Mei hukiruka kipande hicho.

Hata hivyo, haki itendeke kwa upande wa pili, maana Nightingale huyo huyo alipinga wauguzi kusajiliwa kisheria. Ethel Bedford Fenwick, aliyeanzisha chama cha wauguzi wa Uingereza mwaka 1887, alitaka mitihani na rejista ya serikali kama ya madaktari. Nightingale alijibu kwamba mtihani haupimi tabia. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi. Karatasi inaweza kuonyesha kama mtu anajua kipimo cha dawa. Haionyeshi kama atainuka saa tisa usiku mgonjwa akiita kwa mara ya nne. Fenwick alishinda, sheria ikapita mwaka 1919, na yeye akawa wa kwanza kwenye rejista. Alistahili kushinda, kwa sababu rejista haikuwekwa ili kupima wema. Iliwekwa ili kumlinda mgonjwa dhidi ya mtu mwema asiyejua anachofanya.

Na mtu wa namna hiyo yupo. Mwaka 1994 Robin Fox, aliyekuwa mhariri wa jarida la tiba la Lancet, aliandika alichokiona katika nyumba ya Mama Teresa kule Calcutta kwa watu walio mahututi. Aliusifu upendo na usafi wa mahali hapo. Lakini alisikitika kwamba dawa kali za maumivu hazikuwepo, na kwamba utaratibu wa kumtenganisha mgonjwa anayeweza kupona na yule asiyeweza ulikuwa hafifu. Watetezi wa Mama Teresa wana majibu yao, na baadhi ni ya haki. Ila mgonjwa wa saratani anayelia usiku hapunguziwi maumivu na nia njema ya aliyeketi kando yake.

Mfano wa karibu zaidi uko kwenye vyumba vya kujifungulia vya Afrika. Mama amejifungua salama, mtoto amelia, na kila mmoja anashusha pumzi. Damu inatoka, kama kawaida. Ni kiasi gani? Kwa miaka mingi jibu lilitolewa kwa macho: mkunga anatazama shuka na pamba, anakadiria. Macho hupunja, hasa damu inapotoka kidogo kidogo. Hapo ndipo ulipoingia utafiti wa E-MOTIVE, uliotangazwa mwaka 2023 baada ya kufanyika katika hospitali zipatazo 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, kwa wanawake zaidi ya 200,000. Chini ya mama aliyejifungua kwa njia ya kawaida kuliwekwa mfuko wa plastiki wenye alama za mililita, damu ikaingia humo. Ikifika kiwango cha hatari, mkunga hajaribu hatua moja baada ya nyingine. Anafanya yote kwa pamoja: anakanda mfuko wa uzazi, anampa oksitosini na asidi ya traneksamiki, anaweka dripu, anakagua kama kuna mchaniko.

Palipotumiwa utaratibu wa zamani, takriban nusu tu ya wanawake waliovuja damu kupita kiasi waligunduliwa. Palipotumiwa mfuko, waligunduliwa zaidi ya asilimia 90, na hatari ya kuvuja damu kwa kiwango kikubwa mno, kufanyiwa upasuaji au kufa kwa sababu hiyo ilipungua kwa asilimia 60. Wakunga wa makundi yote mawili walikuwa na huruma. Kundi moja lilipewa kipimo, mafunzo na ruhusa ya kuchukua hatua bila kusubiri. Hiyo ruhusa isipitwe haraka, kwa kuwa ni suala la uongozi: mkunga anayelazimika kumtafuta daktari kwa simu kabla ya kutundika dripu amefundishwa bure.

Wodi za kawaida nazo zina hesabu yake. Muuguzi wa zamu ya usiku anapima presha na joto, anabadili dripu inayokaribia kuisha, anamgeuza mzee aliyepooza asipate vidonda vya kulalia. Na anahesabu pumzi. Mgonjwa aliyekuwa akivuta pumzi 18 kwa dakika akifika 28, kuna jambo linaharibika mwilini hata kama bado anajibu salamu. Kulitambua kunahitaji elimu, na kunahitaji dakika nzima ya kusimama kitandani. Mwaka 2014 mtafiti Linda Aiken na wenzake walichapisha uchunguzi wa hospitali 300 katika nchi 9 za Ulaya, wenye wagonjwa zaidi ya 420,000 waliofanyiwa upasuaji. Kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwenye mzigo wa muuguzi aliambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa kufa ndani ya siku 30. Kila ongezeko la asilimia 10 la wauguzi wenye shahada liliambatana na upungufu wa asilimia 7. Uchunguzi wa namna hii hauthibitishi chanzo, na Ulaya si Sumbawanga. Lakini wodi ya Ulaya iliyozidiwa ingeonekana nafuu mbele ya wodi nyingi za huku, kwa hiyo tofauti hiyo haitufariji.

Maandiko, yakisomwa polepole, yanasema zaidi ya hotuba. Katika mfano wa Msamaria Mwema, kwenye Injili ya Luka sura ya 10, wahubiri humalizia kwa Msamaria kufunga majeraha na kumpandisha majeruhi juu ya mnyama wake. Habari haikuishia hapo. Kesho yake Msamaria aliondoka. Alikuwa na safari zake. Aliyebaki kumtunza majeruhi ni mwenye nyumba ya wageni, naye alilipwa dinari mbili taslimu, na akaahidiwa kwamba akitumia zaidi atarudishiwa. Yesu hakumlaumu kwa kupokea fedha wala hakumwambia kwamba huo ni wito wake. Mwenye huruma ndiye aliyegharimia. Sisi tumeugeuza mfano huo: tunamwachia mwenye nyumba ya wageni majeruhi, tunamsifu kwa moyo wake, tunakwenda zetu na dinari mfukoni.

Uislamu una njia yake ya kulifikia jambo lilelile. Vitabu vya sira ya Mtume vinamtaja Rufaida al-Aslamiyya, ambaye hema lake la majeruhi lilisimamishwa msikitini Madina, na humo ndimo sahaba Saad bin Muadh alimolazwa baada ya kujeruhiwa katika vita vya Khandaq. Hema halikufichwa pembezoni mwa mji. Karne kadhaa baadaye Imamu Ghazali, katika kitabu chake Ihya, aliiweka elimu ya tiba katika fungu la fardhi kifaya: wakiibeba wa kutosha, wengine wamevuliwa dhamana, wasipoibeba, dhambi ni ya mji mzima. Aliwashangaa watu wa zama zake waliojazana kwenye fiqhi huku miji ikikosa tabibu Muislamu. Ukiupeleka mzani huo kwenye uuguzi wa leo, wodi yenye muuguzi mmoja kwa wagonjwa 40 si mtihani wa imani ya muuguzi huyo. Ni dhambi inayogawanywa kwa wakazi wote, kuanzia wenye madaraka ya kupanga bajeti.

Hapo ndipo mgomo wa wauguzi wa Kenya wa mwaka 2017 unapokuwa mgumu kuhukumu. Tangu Juni hadi Novemba, kwa takriban miezi mitano, wauguzi wa kaunti waliacha kazi wakidai mkataba wao wa mishahara. Wenye fedha walikwenda hospitali binafsi, za misheni zikafurika, na maskini ndio walioumia. Kusema haikuwa dhambi ni kujidanganya. Lakini dhambi hiyo ilianza zamani kabla ya muuguzi wa kwanza kuvua sare, na viongozi waliowakumbusha wauguzi wito wao hawakusikika wakijikumbusha wa kwao.

Mtu aliyeziunganisha nyuzi hizi vizuri kuliko wengi ni Edna Adan Ismail, muuguzi na mkunga kutoka Hargeisa, aliyesomea London na baadaye kufanya kazi Shirika la Afya Duniani. Alipostaafu alirudi nyumbani Somaliland, akauza alivyonavyo, hata gari lake, akaanza kujenga hospitali ya wazazi. Wauguzi wengi walikuwa wamekufa au kukimbia vita. Basi mwaka 2000, kuta zikiwa hazijakamilika, alianza kuwafundisha vijana zaidi ya 30. Hospitali ilifunguliwa mwaka 2002. Amepambana na ukeketaji kwa miongo mingi, akisimama kwenye elimu ya ukunga na kwenye dini yake kwa pamoja. Mwaka 2023 alipewa Tuzo ya Templeton, ileile ambayo mara ya kwanza, mwaka 1973, ilikwenda kwa Mama Teresa. Muuguzi Anna Qabale Duba wa Marsabit, Kenya, aliyeshinda tuzo ya kimataifa ya wauguzi mjini Dubai mwaka 2022, anafanana naye kwa hilo: naye anapinga ukeketaji na ndoa za utotoni, na kijijini kwao aliona haja ya kuanzisha shule.

Kuwasomesha walio kazini si ndoto. Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Aga Khan kilianza kutoa masomo ya juu ya uuguzi Kenya, Uganda na Tanzania kwa wauguzi wanaoendelea na ajira zao. Kilichobaki ni kuwapa wahitimu nafasi inayolingana na walichojifunza, maana muuguzi anarudi na shahada akakuta kiti chake kilekile, zamu zilezile, na kikao cha uongozi wa hospitali ambamo yeye huitwa kutoa maelezo, si kuamua.

Makanisa na taasisi za Kiislamu zinamiliki hospitali na vyuo vya uuguzi katika nchi hizi, na zina sauti ambayo halmashauri huisikiliza. Usharika unaoweza kuchangisha fedha za spika mpya, na kamati ya msikiti inayoweza kuezeka upya kwa msimu mmoja, zinaweza kumsomesha binti au kijana mmoja wa mtaani hadi apate stashahada ya uuguzi, ambayo nchini Tanzania huchukua miaka mitatu, kisha zikamfuata diwani na mbunge kuuliza kwa nini hajaajiriwa. Zianze na ada ya muhula ujao.